Rilizi ilinipiga ngumi ya mdomo, ikabidi nitafute nyingine

Mwezi wa sita nilijipiga ngumi ya mdomo mwenyewe na mashahidi ninao. Tulikuwa shambani, huku nje kidogo ya Masasi, asubuhi, mashine za kupulizia mikorosho salfa zimeshanyamaza, nikasema ngoja nirushe mishale mitano sita kabla jua halijawaka. Nikavuta upinde, umefika nusu tu, rilizi, kile kidude cha kushikia na kuachia uzi, ikaachia yenyewe, mkono uliokuwa unavuta ukakosa cha kuvuta ukaja wote mzima usoni. Mshale ukaenda ovyo ukapotelea majanini. Mjomba alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa uji, akaniangalia vile navyotema damu, akauliza taratibu kabisa, "Sasa mjomba, hicho kidude chako kinawinda nini, meno?"

Basi hapo ndo ilipoanzia safari ya kutafuta rilizi mpya, safari iliyochukua miezi mitano maana hela ya korosho haiji mwezi wa sita, na nimesoma, nimeuliza, nimebishana na watu mpaka nimechoka, kwahiyo naandika hapa yote yaishe.

Kwanza niseme nimeupataje huo upinde, maana kuna watu wakiona picha zangu wanadhani mi jangili. Mi ni katika wale vijana wa kusini tuliovuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala tukashuka na Msumbiji mpaka Sauzi kutafuta maisha. Wenzangu wengi walienda kwenye maduka na saluni, mi nikaangukia shamba la wanyama huko Limpopo, nikakaa miaka minne. Kule kuwinda kwa upinde ni kitu cha kawaida na kiko kisheria, wateja wanatoka Marekani na Ulaya, wanakaa kwenye vibanda vya maficho karibu na bwawa la maji wanasubiri swala pala na ngiri waje kunywa. Kazi yangu ilikuwa kufuata nyayo, kubeba, kuchuna, na baadaye bosi akaniruhusu nijifunze kupiga, tukawa tunapunguza swala kwa ajili ya nyama ya wafanyakazi. Nilipoondoka akanipa upinde wake wa zamani pamoja na rilizi iliyochoka. Amesema mwakani mwezi wa tano nirudi msimu ukianza.

Hapa nyumbani siui hata njiwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani, huna leseni huwindi, na sisi tupo jirani na Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule kwahiyo mtu anayetembea na upinde barabarani lazima aulizwe. Mi naua gunia. Gunia la sandarusi limeshindiliwa vitambaa vya zamani na vipande vya nyavu, nimelifunga kwenye mkorosho, wiki nzima linapigwa na halilalamiki.

Sasa rilizi ni nini. Babu yangu upinde wake alikuwa anabana mkia wa mshale kwa kidole gumba na cha shahada, anavuta, anaachia, kwisha. Uzi wenyewe alikuwa anauita upote, sijui kama kuna kijana anaijua hiyo siku hizi. Upinde wangu mi ni wa kompaundi, ule wenye magurudumu juu na chini, alioubuni Mmarekani Holless Allen wa Missouri akapata hataza yake mwaka 1969. Uzuri wa yale magurudumu ni kwamba ukivuta unasota mwanzoni, halafu ukifika mwisho upinde unalegea mkononi. Wangu nguvu yake ya kuvuta ni paundi 60 na unalegea asilimia 80, maana yake nikishavuta mpaka mwisho nashikilia paundi 12 tu, naweza kukaa pale nalenga huku swala anajigeuzageuza. Lakini upinde wenyewe ni mfupi, uzi ukivutwa unapinda kama herufi V, ukitia vidole pale vinabanwa kama mlangoni, na hata ukivumilia, uzi ukitoka unateleza juu ya ngozi unasogea pembeni, mshale nao unaondoka unayumba. Ndo maana watu wanafunga kakitanzi kadogo ka kamba kwenye uzi nyuma ya mshale, halafu wanakishika hicho kitanzi kwa chombo chenye taya au ndoano na triga. Unabonyeza, taya inafunguka, uzi unaenda wenyewe umenyooka. Hicho chombo ndo rilizi. Wazo lenyewe la kikongwe, Waturuki na Wamongolia walikuwa wanavaa pete kwenye kidole gumba kuvutia uzi miaka mingi sana iliyopita, hawa wa sasa wameongeza chuma na bei.

Ya kwangu ilikufa kwa sababu mbili na zote ni ujinga wangu. Ya kwanza salfa. Mtu wa korosho anajua, kuanzia mwezi wa tano tunapulizia kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na ule unga wa njano unaingia kila mahali, masikioni, kwenye chai, kwenye radio. Rilizi nilikuwa naitundika kwenye msumari hapo hapo bandani kwenye mifuko ya salfa. Ya pili, nilipoona triga inakwama kwama nikaipaka grisi ya baiskeli, yaani nikawa nimeipikia salfa uji ili ikae vizuri ndani. Ule mchanganyiko ukawa tope, kale kachuma ka ndani kanakotakiwa kushika taya mpaka ubonyeze kakawa kanashikia pembeni tu, ukivuta kidogo kanateleza. Nilikuja kuiosha na petroli, nikaipuliza, nikaikausha juani, lakini ukingo wa kile kichuma ulishalika. Nikaijaribu kwa kamba ya mkonge niliyoifunga kama kitanzi, navuta kwa mikono bila upinde, ikaachia mara mbili katika kumi. Mara mbili katika kumi ni meno mawili. Nikaitupa.

Na hilo la kamba shika sana, rilizi yoyote mpya au ya kuazima ijaribu kwanza kwenye kitanzi cha kamba chenye urefu wa mvuto wako, kabla hujaifunga kwenye upinde. Mi sikufanya na mdomo ulivimba siku nne, nikawa nala uji pamoja na mjomba.

Haya, kuchagua. Ukiingia mtandaoni utakuta za aina nyingi mpaka unakata tamaa, lakini ukiziangalia vizuri zinagawanyika kwa namna zinavyoachia tu.

Kuna ya mkanda, unaivaa kwenye kifundo cha mkono kama saa, triga inakaa kwenye kidole cha shahada. Hii ndo wawindaji wengi wanaanza nayo. Kuna ya kushika mkononi yenye kitufe cha gumba. Kuna ambayo haina triga kabisa, ina kipande kinachozunguka, ukivuta kwa mgongo mkono unajigeuza kidogo kinaachia chenyewe. Na kuna ya kuvuta, hii ina kitufe cha usalama, unakishikilia wakati unavuta, ukishalenga unakiachia halafu unaendelea kuvuta mpaka ifike nguvu uliyoiseti, tuseme unashikilia paundi 12 umeiseti kwenye 15, ikifika hapo inaachia bila kukuaga.

Sasa swali ambalo wauzaji hawakuulizi ni hili, wewe ugonjwa wako nini? Maana wote wenye upinde tuna ugonjwa. Wangu ni kiwewe. Wakati nipo kwenye gunia natulia kama maji ya mtungi, ila akitokea mnyama mwenye moyo unaodunda, kile kidoti cha kulengea kikigusa tu bega lake kidole changu kinaigonga triga kama napiga nzi. Swala wangu wa kwanza Limpopo nilimkosa mita 20, mita ishirini jamani, hata jiwe ungempata, kwa sababu niliigonga na mkono wote ukashuka, mshale ukapita chini ya kifua ukaingia kwenye matope. Bosi Kaburu hakusema kitu, akachukua upinde akanirudishia gunia. Wazungu wana jina lao la huu ugonjwa na unawakamata mpaka mabingwa wa mashindano, mtu anapata medali leo, kesho hawezi kushikilia katikati ya shabaha bila kidole kuruka.

Ile isiyo na triga imetengenezwa hasa kwa ajili ya hawa wagonjwa, maana huna cha kugonga, unavuta tu na hujui itaachia saa ngapi. Nilifundishwa nayo wiki sita kule, ya kuazima, hatua tatu kutoka kwenye gunia, macho yamefumbwa, kutwa kutwa. Ilinisaidia, sikatai. Lakini kwenda nayo porini mi hapana. Mnyama ana sekunde mbili tatu za kusimama vizuri, wewe huwezi kumwambia ngoja kwanza mgongo wangu haujamaliza. Na ukiigeuza vibaya wakati unavuta inaachia kabla ya wakati, unarudi kwenye habari za meno. Wapo wanaowinda nayo na wanaua, hao wana damu ya samaki, mi damu yangu ya moto.

Nikabaki na mbili, ya mkanda na ya gumba, na hapa ndo nilibishana na binamu yangu aliye Lindi mjini mpaka bando likaisha. Yeye kashika upinde mara mbili maishani lakini video kaangalia zote. Anasema ya gumba, kwa sababu mabingwa wa kompaundi kule kwenye mita 50 hakuna anayevaa mkanda, wote wanashika mkononi, na kompaundi sasa imeingizwa Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa timu mchanganyiko kwahiyo tujiandae. Nikamwambia tujiandae na nani, mi na gunia?

Ila ana hoja. Ya gumba mkono unakaa vizuri chini ya taya, fundo za vidole zinaingia kwenye mfupa wa taya kila mara mahali pale pale, na kidole gumba ni kizito kidogo, hakina wepesi wa kugonga kama cha shahada kilichozoea kubonyeza kila kitu. Nzuri zake nyingine unaweza kuiacha imening'inia kwenye kitanzi cha upinde mikono ikawa huru. Shida yake nimeiona kwa macho. Mteja mmoja tulikaa naye kibandani kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kule mwezi wa saba asubuhi ni baridi mpaka unatamani jua la Mtwara lije na basi, tandala dume akatokea saa mbili na nusu, pembe hizo, mzee anaanza kupapasa mfukoni rilizi haipo. Ipo wapi, imeanguka kwenye nyasi wakati anashuka kwenye gari. Tandala akanywa maji, akatuangalia, akaondoka. Yule mzee alivyokuwa anapumua nilidhani atalia. Ya mkanda huwezi kuisahau, umeivaa.

Lakini na mkanda wenyewe una mambo. Kuna wa kufunga kwa tundu na pini kama mkanda wa suruali, na kuna ule wa kubandika, ukiubandua unasema kraaaa. Usinunue ule wa kraaaa. Kibandani kimya mpaka unasikia inzi anavyotembea, mtu anataka kuulegeza mkanda kidogo, kraaaa, swala wote wanane wanainua vichwa. Na mnyama akishainua kichwa hata ukisubiri arudi kunywa miguu yake imeshakaa tayari. Piga hesabu, mshale wangu unaenda kama mita 80 kwa sekunde, sauti ya uzi inaenda 340 hivi, mita 25 mshale unatumia karibu theluthi ya sekunde, sauti imeshamfikia zamani sana. Mnyama aliyetulia anachelewa kushtuka, mshale unamkuta. Aliyeshtuliwa na mkanda wako anachuchumaa ili aruke, mshale unapita juu ya mgongo. Kwahiyo pini. Na pini ina faida nyingine, tundu ni lile lile kila siku, rilizi inakaa urefu ule ule kila siku. Wa kubandika leo umekaza, kesho umelegeza nusu sentimita, kidole kinafika kwenye triga tofauti, unaanza kulaumu upinde.

Kuhusu taya au ndoano, mi nimechagua ndoano iliyo wazi. Taya mbili zile unatakiwa uzifungue uziingize kwenye kitanzi uzifunge, mchana sawa, gizani asubuhi na vidole vya baridi unahangaika. Ndoano unaipachika kwa kupapasa tu bila kuangalia chini, macho yanabaki kwa mnyama. Ina ubaya wake, ukilegeza mvuto inaweza kuchomoka kwenye kitanzi, inabidi uizoee.

Triga nayo nilikosea mwanzoni. Karibu zote nzuri unaweza kuseti ugumu wake kwa kiskrubu, mi nikaona raha kuifanya laini kama unyoya. Wiki ya kwanza ikawa naigusa tu inaachia kabla sijajua nalenga wapi, afu kidole kikaanza kuiogopa triga, yaani mtu anashikilia upinde kidole kipo mbali kinatetemeka kama kinataka kugusa pasi ya moto. Nikaikaza. Sasa naweza kukizungushia kidole chote kwenye triga, siyo ncha, ile pingili ya pili, halafu navuta bega nyuma taratibu mkono mzima unaondoka na triga inajibonyeza yenyewe. Hiyo ndo siri niliyoitoa kwenye ile isiyo na triga nikaileta kwenye ya mkanda. Na kule kwenye baridi utavaa glovu, triga laini na glovu ni kesi.

Wakati wa kuvuta kidole kinakaa nyuma ya triga, siyo mbele. Hili lisemwe tu.

Bei sasa. Za hali ya chini unapata kwa dola 30 au 40, nzuri za mkanda zinavuka dola 100, za mkononi kama hizo za binamu zinapanda mpaka 200 na zaidi. Kampuni ni za Marekani nyingi, Scott, Carter, Spot Hogg, TruFire, Tru Ball, kila mtu ana dini yake. Mi nimechukua ya Spot Hogg inayoitwa Wiseguy, ndoano moja, triga moja, vitu vichache vya kuharibika ndani. Kwa mtu anayeishi na salfa hilo lilinishawishi kuliko rangi. Alinibebea mtoto wa shangazi aliyekuwa anarudi Dar, maana nilishawahi kuagiza uzi wa upinde kwa kampuni fulani ya kusafirisha, ukazunguka miezi mitatu ukafika ukiwa umekatwa, na hakuna aliyepokea simu. Kutoka Dar ikaja na basi, kilomita mia tano na kitu ndani ya boksi la biskuti. Hela ilitoka kwenye mnada wa pili wa korosho. Mjomba aliuliza bei, nikamwambia nusu. Akakaa kimya muda, akasema kwa hiyo nusu angenunua mbuzi na mbuzi angekuwa kashazaa.

Kitu ambacho sikutegemea ni kwamba kubadilisha rilizi ni kama kubadilisha upinde. Hii mpya shingo yake ni fupi kuliko ya zamani, mkono ukawa unakaa mbele zaidi kwenye shavu, uzi haugusi pua pale ulipokuwa unagusa, jicho likawa haliingii kwenye katundu ka kulengea kalikopo kwenye uzi. Wiki tatu mishale yote inaenda kushoto juu, nikaanza kusema nimeuziwa feki. Kumbe ni urefu tu. Nikaurefusha pale kwenye uzi wa shingo ya rilizi fundo moja, nikajipiga picha kwa simu kulinganisha na picha za Limpopo mkono unakaa wapi, ikarudi. Kwahiyo kama unanunua ya kuwindia nunua miezi kabla ya msimu, siyo unaifungua kwenye boksi usiku wa kuamkia kibandani kama wateja wengine niliowaona.

Sa hivi natunza kama yai. Haikai bandani, inakaa ndani kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, pamoja na mchele kidogo wa kunyonya unyevu. Grisi haitaiona. Brashi ya meno ya zamani, kupuliza, basi. Kitanzi cha uzi nacho nakiangalia kila wiki, kikianza kutoa manyoya nabadilisha, kile kikikatika ukiwa umevuta mwisho ni ngumi ile ile tena.

Kimebaki kitu kimoja tu. Mkanda umetengenezwa kwa mikono ya Wamarekani wanene, tundu la mwisho kabisa bado unanizunguka. Jana nimeenda nao Masasi kwa fundi viatu pale stendi, nikamwambia aongeze tundu mbili. Akaugeuza geuza, akaichezea ile ndoano, akabonyeza triga mara kama sita, tak tak tak, akaniuliza huu mkanda ni wa saa gani. Nikamwambia ya ukutani. Elfu moja, na tundu la pili kalitoboa kombo kidogo.